Programu ya afya kazini: anza na zamu, mashine ya presha baadaye

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa nimepima afya za wafanyakazi wa hoteli hapa Malindi, Kenya. Hoteli ya kwanza ilinipa ofisi nzuri, saa tatu asubuhi hadi saa sita. Walionijia ni mhasibu na makarani. Wapishi walikuwa jikoni, walinzi wa usiku wamelala makwao. Huduma ilikuwapo, watu hawakuwapo. Tangu hapo nafuata mpango huu.

Hatua ya 1: Orodhesha zamu. Andika kila idara inaingia na kutoka saa ngapi. Nafasi yako ni pale zamu mbili zinapopishana, ndani ya saa za kazi. Ukiwaita watu siku yao ya mapumziko hawaji, na siwalaumu. Ramadhani, pima baada ya futari. Usiingie kwenye mjadala wa kama kutobolewa kidole kunabatilisha saumu.

Hatua ya 2: Wataje vibarua. Kibarua akisikia "wafanyakazi" hudhani wanaitwa wale wa kudumu. Tangazo limtaje waziwazi. Na upime wakati wa kaskazi, wageni wakiwa wengi. Masika yakiingia, wengi wao wameshasimamishwa.

Hatua ya 3: Tumia kamati iliyopo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na kamati ya usalama na afya. Peleka mpango wako huko.

Hatua ya 4: Linda siri. Hapa ndipo programu nyingi hufia. Mtu anaogopa kwamba meneja akijua ana sukari, mkataba hautaongezwa. Kwa hiyo tafuta chumba chenye mlango unaofungika. Majibu yaandikwe kwenye kadi anayoondoka nayo mwenyewe. Uongozi upewe jumla ya hoteli nzima tu: idara yenye watu wanne ukiitolea hesabu yake, kila mtu atajua ni nani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, nami huwasomea mameneja jambo hilo kabla sijafungua begi.

Kwenye kupima kwenyewe, usiharakishe. Mtu aliyetoka mbio ghorofani akae dakika tano, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo. Ukipata presha ya 140/90 au zaidi, rudia siku nyingine kabla ya kumwambia ana ugonjwa. Ikifika 180/120 na kifua kinabana au macho yana ukungu, hospitali saa hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Ingia jikoni. Chakula cha wafanyakazi kinamfikia hata yule asiyekuja kupimwa kamwe. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Kaa na mpishi: apunguze vidonge vya mchuzi, aongeze ndimu na ukwaju, kibakuli cha chumvi kitoke mezani.

Hatua ya 6: Wafuate wasiokuja. Hesabu mahudhurio kwa zamu. Zamu ikiwa tupu, mwulize kiongozi wake, kisha badilisha saa.

Kabla ya siku ya kwanza, pata barua ya mwajiri kwamba atakayepewa rufaa ataruhusiwa kwenda kliniki bila kukatwa mshahara. Bila barua hiyo, mimi siendi kupima.