Bushi ya shafti imekwisha: namna ya kuijua na kuibadilisha kwenye boti ya matanga

Unawasha injini, boti inatoka vizuri, ukifika mzunguko fulani tu sakafu inaanza kutetema na vikombe vinagongana kabatini, ukipunguza mafuta kunatulia. Wengi hapo wanaanza kuilaumu injini, kumbe shida iko nyuma kabisa chini ya maji, kwenye ile bushi ya mpira inayoshika shafti karibu na propela. Dalili nyingine ni gilandi, yaani kizibo cha kuzuia maji pale shafti inapotoboa bodi, kuanza kuvuja zaidi hata ukiikaza, manake shafti inacheza na kuipanua.

Bushi yenyewe ni kitu rahisi tu, bomba fupi la brasi au faiba ngumu, ndani umegandishwa mpira wenye mifereji kwa urefu. Haina grisi wala oili, kinachoilainisha ni maji yanayopita kwenye hiyo mifereji, ndo maana ukiwa nchi kavu usije ukawasha injini na kutia gia eti unajaribu, mpira unaungua fasta.

Kuipima: boti iwe nje ya maji, shika propela kwa mikono miwili, inua, shusha, kisha sukuma kushoto na kulia. Kucheza kidogo sana ni kawaida. Kanuni ya mafundi ni kwamba nafasi ikifika moja ya kumi na sita ya unene wa shafti, bushi imekwisha, yaani shafti ya milimita 25 ni kama milimita 1.5. Kama huna fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi) chukua biti ya drili ya milimita 1.5, geuza ule upande laini, shafti ikiwa imelalia chini ujaribu kuipenyeza juu yake kati ya chuma na mpira. Ikiingia bila ubishi, basi, agiza nyingine.

Sasa kabla ya kushika spana, chukua tochi uichungulie vizuri, na ukishaitoa usiitupe. Mi ya kwanza niliitupa bila hata kuiangalia, nikaweka mpya, msimu haujaisha mtetemo umerudi. Ya pili nikaikata katikati nikaona mpira umelika chini upande wa mbele na juu upande wa nyuma, mshazari kabisa, yaani shafti ilikuwa inapita kwa pembe. Kumbe mauntingi moja ya injini (vile vikalio vya mpira vinavyoibeba), ya nyuma kushoto, mpira wake ulishalowa dizeli ukalainika ukashuka, na injini nayo ikashuka nayo. Kwa hiyo soma ulaji: ukiwa wa mshazari kama wangu, mstari wa injini na shafti umepotea au ule mguu unaoshika bushi umepinda. Ukilika sawasawa pande zote, inaweza kuwa umri au mchanga tu, lakini pia shafti iliyopinda au propela iliyogonga kitu ikapoteza balansi. Na upande wa chini kulika zaidi kidogo kuliko juu, hapo ni uzito wa shafti na propela, usijisumbue.

Kutoa propela: chomoa pini, legeza nati ila iache ishikilie nyuzi mbili tatu, ndo ufunge pula (kifaa cha kuvutia propela itoke), manake propela ikiachia inaachia kwa kishindo na mguu wako uko chini yake. Halafu ndani fungua boliti za kaplingi (sahani mbili zinazounganisha shafti na injini) na utoe kaplingi kwenye shafti, hapo ndo jasho linapotoka kwa sababu ya kutu, tumia mafuta ya kulegeza na joto na subira. Angalia mapema kama shafti itapita pembeni ya usukani, kwenye boti nyingine haipiti na usukani lazima ushushwe. Kuna pula za kusukuma bushi bila kutoa shafti, ukipata ya kuazima usione aibu.

Pembeni mwa mguu kuna skrubu ndogo moja au mbili zinazofunga bushi, huwa zimefichwa na tabaka za rangi ya chini. Kwangua mpaka uzione. Watu wanagonga nusu siku kumbe skrubu bado imo. Na usiupige mguu nyundo, utaupinda na hiyo ni kazi kubwa kuliko bushi. Bushi ikigoma pitisha msumeno wa chuma ndani, kata mstari mmoja kwa urefu, kwanza utatoka unga mweusi wa mpira halafu chenga za njano za brasi, hapo nenda polepole, ukimaliza unene wa bomba simama, kisha likunje kwa ndani kwa tindo.

Pima shafti sehemu ambayo haijalika, pima tundu la mguu, pima urefu. Angalizo kubwa: shafti ya inchi moja ni milimita 25.4, sio 25, ukichanganya haitaingia. Pitisha ukucha mahali bushi ilipokaa, ukikwama kwenye mfereji shafti nayo imeliwa na bushi mpya haitakaa. Kama mguu ni wa aluminiamu au chuma chukua ya faiba, brasi itakula chuma chako.

Mpya ilaze friza usiku mzima, safisha tundu kwa msasa laini, paka maji ya sabuni ya vyombo, uivute taratibu kwa fimbo ya nyuzi yenye nati na washa kubwa. Ikidai nyundo kuna kitu hakiko sawa, ukilazimisha mpira unabana shafti. Skrubu iingie kwenye kijishimo kifupi kwenye ganda, usitoboe mpaka kwenye mpira. Zinki, kile kipande kwenye shafti kinacholiwa na kutu badala ya chuma chako, usiisogeze ikaziba mdomo wa bushi, maji yatapita wapi?

Propela iweke kwanza bila kii (kile kipande cha chuma kinachoifunga izunguke na shafti), weka alama ilipofika, kisha na kii. Isipofika kwenye alama inapanda juu ya kii, kii ipunguzwe. Pini iwe mpya.

Ukishusha boti, chungulia gilandi kabla kamba za kreni hazijalegezwa. Mstari wa injini usiupange siku hiyohiyo, bodi hubadilika umbo likiingia majini, subiri siku moja mbili. Halafu pima uwazi wa kaplingi kwa fila geji juu, chini, kushoto na kulia, tofauti isizidi milimita 0.1 kwa kila milimita 100 za upana wake. Zungusha shafti robo upime tena: uwazi mkubwa ukihama pamoja na shafti, shafti au kaplingi imepinda, ukibaki palepale rudi kwenye mauntingi.