Kurudisha nguvu za miguu wakati wa kemo

Ukilala mchana kutwa kwa kuogopa kuchoka, uchovu wa kemo, yaani matibabu ya saratani kwa dawa kali, huzidi. Misuli isiyotumika hunywea upesi, na mapaja ndiyo hutangulia: ngazi za nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa ulizokuwa ukizipanda huku ukizungumza zinakuwa kazi. Basi anza na mapaja.

Kwanza mwulize daktari mambo matatu. Je, ugonjwa umefika mifupani? Moyo u vipi, hasa ikiwa unapewa doxorubicin, dawa ya kemo inayoweza kudhoofisha moyo? Na damu ya karibuni imesomaje? Hemoglobini (kinachobeba oksijeni katika damu) ikiwa chini ya 8, au pleteleti (chembe za kugandisha damu) chini ya 50,000, usiinue vitu vizito. Tembea polepole tu, na kwa ruhusa yake. Palipo na saratani ya mifupa, kuzungusha kiuno kwa nguvu kunaweza kuvunja mfupa.

Zoezi kuu ni kukaa na kusimama. Chukua kiti kigumu kinachofika magotini, ukiegemeze ukutani, maana kiti cha plastiki huteleza kwenye vigae. Sogea ukingoni, rudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, inama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha simama ukitoa pumzi. Kushuka ndiko kunakojenga paja: hesabu moja mpaka tatu, usijitupe. Fanya mara 5, pumzika dakika moja, rudia. Ikishakuwa rahisi, ongeza hadi 8, kisha 10, ndipo ukunje mikono kifuani. Wengi hukosea kwa kuanzia kwenye kochi la chini, au kwa kubana pumzi na kupata kizunguzungu. Siku tatu kwa wiki zatosha, na kati yake siku ya mapumziko.

Kutembea ni kila siku ukiweza: dakika 5 asubuhi na 5 jioni, ukiongeza dakika moja au mbili kila baada ya siku chache, hadi ufike 20 au 30. Kasi inayofaa ni ile unayoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Joto la Mombasa la Januari hadi Machi si la kushindana nalo. Toka kabla ya saa mbili asubuhi, au baada ya alasiri jua likipungua. Mama Ngina, pale ufukweni, pana upepo na njia pana kuliko vichochoro vyenye bodaboda. Ganzi ya miguu inayoletwa na dawa za kemo kama paclitaxel au cisplatin hukufanya usihisi jiwe, kwa hivyo acha ndara, vaa kiatu cha kufunga.

Kemo nyingi hurudiwa kila baada ya siku 21. Siku za mwanzo baada ya dawa, nusu ya kawaida yako inatosha. Kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, huwa chini, hivyo fanyia mazoezi nyumbani, epuka matatu iliyojaa. Homa ikifika 38, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane, wala usimeze dawa ya kuishusha kwanza.

Waliopasuliwa titi na kutolewa tezi za kwapa: mirija ya kutoa maji ya jeraha ikishaondolewa na daktari akakubali, simama mbele ya ukuta, pandisha vidole taratibu mpaka ngozi ivutike bila kuuma, subiri sekunde 5, shuka. Mara 5, asubuhi na jioni. Weka alama ya penseli ulipofika. Kukuna nazi na kubeba ndoo kusubiri. Pete ikibana au mkono ukivimba, mwambie daktari mapema.

Acha zoezi na utafute daktari ukipata maumivu ya kifua, pumzi inayokatika hata umekaa, uvimbe wa mguu mmoja, au maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea.

Ukikosa wiki nzima kwa kuugua, usirudie pale ulipoachia. Anza na nusu, halafu panda tena.