Kabla ya safari ya kwanza ya skii: nguo na vifaa vya kuangalia mapema

Anayejiandaa kwenda kuteleza kwenye theluji kwa mara ya kwanza huwaza baridi tu. Anarundika masweta, anatafuta jaketi nene kuliko yote, na akishafika mlimani, nusu saa haijaisha anatokwa jasho kama aliyepandisha gunia ghorofani. Kujifunza skii ni kazi ya nguvu. Unaanguka, unanyanyuka, unapanda kilima kidogo kwa hatua za ubavu, unaanguka tena. Halafu mwalimu anawasimamisha mumsikilize, au unaketi kwenye lifti ya viti, ile inayoning'inia kwenye waya kuwapandisha watu mlimani, dakika kumi bila kujongea, upepo unakupiga, na lile jasho linapoa mgongoni. Kwa hiyo kila nguo unayoitia kwenye begi iulize swali moja: ikilowa, itakuwaje? Maana kulowa utalowa, kwa ndani kwa jasho lako na kwa nje kwa theluji uliyoikalia.

Pamba hufeli swali hilo papo hapo. Hunyonya maji ikayashikilia, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, yaani fulana iliyolowa inakufyonza joto siku nzima. Fulana ya pamba, jinzi, hata chupi ya pamba, ziache kwa matembezi ya jioni. Vazi linalogusa ngozi liwe la sufu laini ya merino au la polyesta, lenye mikono mirefu, likae karibu na mwili bila kukaba. Merino ina sifa inayopendwa na wenye begi dogo: unaweza kuivaa siku tatu mfululizo na wenzako wasikukimbie. Polyesta hukauka upesi, ila kuhusu harufu yake jioni, tuyaache.

Juu ya hilo vaa flisi nyepesi, yaani vazi la kitambaa laini chenye manyoya, au sweta jembamba. Mbili nyembamba zinakufaa kuliko moja nene, kwa kuwa jua likiwaka unavua moja na baridi ikirudi unaivaa tena. Jaketi na suruali ya nje kazi yake ni kuzuia maji na upepo, joto lenyewe linatunzwa na zile za ndani. Kwenye lebo utakuta namba ya milimita, ambayo ni kimo cha maji kinachoweza kukandamiza kitambaa kabla hayajapenya. 10,000 inamtosha anayeanza. Kisha ligeuze jaketi ndani nje uone kama mishono imezibwa kwa utepe, kwa sababu kitambaa kinaweza kuwa kizuri namna gani, matundu ya sindano yakiachwa wazi maji yatapita hapo. Zipu za kwapani ni neema. Ukihisi joto unazifungua bila kuvua kitu.

Kama pesa ni za kubana, zielekeze kwenye suruali kabla ya jaketi. Mwanafunzi wa skii hukaa makalioni muda mwingi kuliko anavyopenda kukiri. Chini kwenye pindo, suruali nzuri ina kipande cha ndani chenye lastiki. Hicho huvishwa juu ya buti ili theluji isiingie. Usikichomeke ndani ya buti.

Utabiri wa hewa nao usomwe kwa akili. Mara nyingi namba inayotajwa ni ya kijiji kilicho bondeni, na kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5. Ongeza upepo: hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ikivuma kwa kilomita 30 kwa saa, uso wako unaihisi kama nyuzi 20 chini ya sifuri.

Sasa tuje kwenye buti, ambako nitakawia makusudi. Safari yangu ya kwanza nilivaa soksi mbili mbili, nene juu ya nyembamba, nikajiona mjanja. Kufika saa tano asubuhi vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na nilipovua jioni nilikuta mstari mwekundu uliochubuka kwenye muundi, pale soksi ya juu ilipojikunja. Buti za skii zimetengenezwa kukumbatia mguu. Ukiongeza soksi ya pili unaikaba mishipa, damu haifiki vidoleni, na damu ndiyo inayobeba joto. Vaa jozi moja tu, nyembamba, ya sufu au ya nyuzi za viwandani, inayofika chini ya goti, uivute mpaka isibaki kunjo hata moja. Suruali ya ndani iishie juu ya buti pia. Kinachoruhusiwa kuingia mle ni mguu na soksi, basi.

Saizi yake haifuati ya viatu vyako vya kila siku. Hupimwa kwa sentimita za urefu wa unyayo, kwa hiyo jipime nyumbani kabla hujaondoka. Weka karatasi sakafuni, simama kisigino kikigusa ukuta, uzito wote ukiwa kwenye mguu huo, umwombe mtu aweke alama mbele ya kidole kirefu kabisa. Ukipata sentimita 26.5, hiyo ndiyo saizi yako. Pima miguu yote miwili, kwani mara nyingi haifanani. Kuna namba nyingine inayoeleza ugumu wa buti inapokunjwa kwenda mbele. Mwanzilishi huanzia 60 hadi 80, na mwanaume mzito anaweza kufika 90. Usione fahari kupewa buti ya 120. Hiyo hukunjika kwa anayekwenda kasi na mwenye nguvu za kuikunja, wewe itakusimamisha kama nguzo.

Ukifika kwa wakodishaji, usiwe na haraka hata kama foleni nyuma yako inakohoa. Fungua vibanio vyote, vuta ulimi wa buti mbele, tumbukiza mguu. Ukiwa umesimama, piga kisigino sakafuni mara mbili tatu ili kirudi nyuma kabisa, ndipo ufunge, ukianza na vibanio vilivyo karibu na kifundo cha mguu. Simama wima: vidole viguse mbele kidogo tu. Sasa kunja magoti mpaka muundi uegemee ulimi wa buti. Vidole vinarudi nyuma, vinapata nafasi ya kuchezacheza, na kisigino hakinyanyuki. Ikiwa hivyo, umepata buti yako. Karibu kila mgeni katika dakika hiyo hulalamika kwamba zinambana, akaomba kubwa zaidi, na mhudumu aliyechoka anampa. Mlimani mguu unaelea, mtu anakaza vibanio ili auzuie, anaikata damu palepale nilipoikata mimi kwa soksi zangu. Mbano ulioenea mguu mzima ni sawa. Maumivu ya sehemu moja, kama kwenye kifupa cha pembeni au juu ya wayo, hayo yaseme na ubadilishe. Kaa nazo dakika kumi na tano, tembea ukitanguliza kisigino, ndipo ukubali.

Skii zenyewe, vile vibao virefu vya kutelezea, hazihitaji mjadala mrefu. Zisimamishe mbele yako. Ncha ifike kati ya kidevu na pua. Fupi hugeuka kirahisi, na kugeuka ndiko kupunguza mwendo. Fimbo igeuze kichwa chini, ishike chini ya kile kisahani chake, ncha ikielekea juu. Kiwiko kikikunjika kama pembe ya daftari, urefu ni huo.

Lakini vifungio vinavyoshika buti kwenye skii vinataka ukweli wako. Fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na uzoefu, kisha ataangalia urefu wa soli ya buti, na kutokana na hayo atapanga ni nguvu kiasi gani ikivuta ndipo buti iachiwe. Watu hupunguza kilo zao kwa aibu, au hujipandisha daraja kwamba wao ni wazoefu kidogo. Kifungio kikilegezwa mno, skii itachomoka yenyewe ukiwa unakata kona. Kikikazwa mno, utaanguka skii imeng'ang'ania mguu, na goti ndilo litakalosokotwa. Taja kilo zako zote. Na ukibadilisha buti siku ya pili, rudisha na skii, kwa kuwa soli ikibadilika urefu vifungio vinapangwa upya.

Helmeti iwe na alama ya kiwango cha usalama, EN 1077 au ASTM F2040. Ivae bila kufunga mkanda, tikisa kichwa: ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Kofia ya sufu haikai chini yake, maana huitoa helmeti mahali pake. Ukihisi baridi vaa kitambaa chembamba cha kufunika kichwa. Jaribu helmeti pamoja na miwani ya theluji, visiachane kwenye paji la uso, la sivyo upepo utakuingia hapo siku nzima. Lenzi zimepangwa kwa madaraja kuanzia S0 hadi S4, na kadiri namba inavyopanda ndivyo giza linavyoongezeka. Mwenye miwani moja tu achukue S2, inayovumilia mawingu na jua la wastani. S3 ni ya jua kali. Chagua yenye lenzi mbili zilizoachiana nafasi, ukungu huipata kwa shida. Ukungu ukiingia hata hivyo, usisugue kwa ndani kwa glavu iliyolowa, wala usiipandishe miwani kwenye paji lenye jasho. Wanaovaa miwani ya macho watafute miwani ya theluji pana iliyotengenezwa kuvaliwa juu yake.

Mikononi, glavu ambazo vidole vinne hulala pamoja na gumba peke yake huhifadhi joto kuliko za vidole vitano. Kasoro yake ni kwamba huwezi kufunga hata zipu. Chukua jozi mbili za aina yoyote uipendayo, kwa kuwa ya kwanza italowa kabla ya chakula cha mchana. Shingoni vaa kitambaa cha mviringo kinachovutwa mpaka puani. Skafu ndefu inaweza kunaswa na lifti.

Wengi hucheka wakiambiwa wabebe krimu ya kukinga jua kwenda kwenye theluji. Theluji mpya inaweza kuakisi hadi asilimia 80 ya miali ya urujuanimno, na miali hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini. Ngozi nyeusi nayo huungua, na midomo hupasuka bila kubagua. Paka chini ya kidevu na ukingoni mwa matundu ya pua, mahali ambapo hakuna anayekumbuka.

Kuhusu kununua, ushauri wangu ni huu: kodi skii, buti, fimbo na helmeti; azima jaketi na suruali kwa rafiki mwenye umbo lako; nunua soksi, nguo za ndani, glavu na miwani. Kununua buti kabla hujajua kama mchezo huu unakupenda ni kujitakia makuu. Fedha iliyobaki iweke kwenye bima, na usome kwa makini kama inataja michezo ya theluji na gharama za uokoaji mlimani. Bima nyingi za kawaida za safari haziyagusi hayo.

Mifukoni, kadi ya lifti ikae mfuko wa kushoto peke yake, mbali na simu, kwa kuwa mageti mengi huisoma upande huo. Simu iweke ndani, karibu na kifua, kwani betri huishiwa haraka penye baridi.

Usiku mmoja kabla ya kufunga begi, vaa kila kitu ulicho nacho, kuanzia soksi hadi miwani. Chuchumaa. Inua mikono uone kama mgongo unaachwa wazi. Keti sakafuni, nyanyuka. Funga na kufungua zipu zote ukiwa na glavu. Mwisho jaribu kuvua suruali upesi, kama mwenye haja, ukikumbuka kuwa mikanda yake ya mabegani imepita chini ya flisi na flisi iko chini ya jaketi. Ikikuchukua zaidi ya dakika moja chumbani kwako, pita kwanza chooni kabla hujapanda lifti.