Maji ya rejeta yanaisha na chini ya lori pakavu: namna ya kusaka yanakokwenda

Juzi dereva wa semi alinipigia akiwa Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima Kitonga. "Fundi, tangu Morogoro nimeongeza lita 5, na chini ya gari pakavu kabisa. Wananiambia ni gasketi ya silinda hedi." Nikamwambia, "Kaka, usikubali mtu afungue hedi leo. Egesha, lipoe, nitakuelekeza." (Hedi ni kifuniko cha juu cha injini, na gasketi ndiyo inayoziba chini yake.) Tulimaliza kwa simu. Naandika hapa zile hatua kwa sababu swali hili linarudi kila mwezi, na hatua ya tano iliwahi kunila siku mbili nzima.

Hatua ya 1: Lipoe kwanza

Mfumo ukiwa na presha ya kama bar 1, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Ukifungua mfuniko kwenye joto hilo, yanakurukia usoni. Subiri mpaka hozi ya juu ishikike kwa mkono.

Hatua ya 2: Alama na mfuniko

Jaza maji, chora mstari kwenye tanki kwa kalamu ya wino mzito, andika kilomita. Halafu tazama mfuniko wenyewe. Mpira wake ukiwa umekakamaa au springi imechoka, mvuke hutoka gari likiwa linapanda mlima na hukaukia njiani, kwa hiyo ukiegesha huoni tone. Ukiwa na shaka nao, badilisha. Ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye orodha hii.

Hatua ya 3: Pima kwa pampu ya presha, asubuhi

Pampu ya mkono yenye geji, inayofungwa mahali pa mfuniko. Fundi wa malori asiye nayo anabahatisha. Pandisha mpaka namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, usipite hapo. Mimi hupima injini ikiwa imelala usiku kucha, maana kuna hozi zinazovuja zikiwa baridi tu: mpira unasinyaa, klipu inabaki ilipo, na maji yanapenya. Injini ikipata moto panajifunga penyewe. Ndiyo maana napendelea klipu zenye springi, zinaufuata mpira unaposinyaa.

Geji ikishuka, zunguka na tochi. Angalia kitundu kidogo chini ya wota pampu, viungo vya hozi, na ndani ya kebini chini ya zulia, kwa sababu hita nayo inapitisha maji. Michirizi mikavu yenye chumvi ya rangi ya kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, inatosha kuwa ushahidi.

Hatua ya 4: Oili na moshi

Geji inashuka na nje pakavu? Basi yanaingia ndani. Kabla ya kuwasha asubuhi, legeza taratibu bolti ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, kwa hiyo yakiwepo yatatangulia. Hapo chunguza oringi (pete za mpira) za slivu, slivu yenyewe kutoboka (ni bomba ambamo pistoni inatembea), au oili kula, yaani kipoza oili. Oili kula ikitoboka, injini ikiwa inazunguka oili ndiyo inayosukumwa kwenye maji, maana presha yake ni kubwa zaidi. Utaona utando kama maziwa mazito kwenye tanki.

Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa na moto, kwenye lori lenye mfumo wa EGR (unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini), nenda kwenye kipoza chake kabla ya kitu kingine.

Hatua ya 5: Mapovu kwenye tanki

Hapa ndipo hedi nyingi hufunguliwa bure.

Kililetwa kwangu kichwa kimoja cha lori la semi chenye mapovu kwenye tanki, hozi ya juu ngumu kama jiwe, maji yanatoka kwenye mfuniko. Dalili zote za gasketi. Nikafungua hedi, zikaenda kusawazishwa, nikafunga gasketi mpya. Nikawasha: mapovu yaleyale. Siku ya pili jioni utingo alikuwa anatoa maji kwenye mitungi ya upepo wa breki, akaniita. Yalikuwa ya kijani. Ilikuwa kulanti.

Kompresa, pampu inayojaza upepo wa breki, kwenye malori mengi hupozwa kwa maji ya injini. Gasketi yake ikifa au hedi yake ikipata ufa, upepo wa kama bar 8 unaingia kwenye maji yenye bar 1 na kuyasukuma nje kupitia mfuniko. Ukizima injini, maji nayo yanarudi kwenye kompresa, na kutoka hapo yanafika kwenye mitungi au kwenye oili. Ndiyo maana nje huoni kitu.

Pima hivi. Zuia matairi kwa kabari. Toa upepo wote kwenye mitungi. Injini ikiwa baridi na mfuniko wazi, washa, iache sailensa (bila kukanyaga mafuta), utazame tanki. Kompresa inajaza, mapovu yanakuja. Mitungi ikijaa utasikia ule mlio wa upepo kwenye draya (kikausha upepo), kompresa inapumzika. Mapovu yakikoma au yakipungua sana palepale, umempata. Kanyaga breki mara nyingi mpaka ianze kujaza tena. Mapovu yakirudi, rudia mara ya tatu ndipo uamini. Yakiendelea bila kujali kompresa, na kuongezeka ukikanyaga mafuta, hapo ndipo pa kuongelea silinda hedi.

Tahadhari. Kama umetoka kujaza maji, hewa iliyonaswa hutoa mapovu kwa muda. Liache lizunguke kwanza, lipoe, ndipo upime. Na kama vali ya kuipumzisha kompresa imekufa, inajaza muda wote na kipimo hiki kitakudanganya. Hapo vua hozi mbili za maji za kompresa, ziunganishe kwa kipande cha bomba na klipu, uwashe dakika chache tu kwa sailensa. Usiendeshe gari hivyo, kompresa bila maji itaungua. Mwenye ile dawa ya buluu ya kupimia gesi aitumie pia: gesi ya silinda huibadilisha rangi, upepo wa kompresa hauibadilishi.

Hatua ya 6: Kufunga

Sawazisha hedi ya kompresa, au badilisha ikiwa na ufa. Kausha mitungi na uweke kichujio kipya cha draya, kulanti imeshakiharibu. Jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya kisima yanaacha magadi ndani, na bila dawa ya kulanti slivu zinatobolewa kutoka upande wa maji. Unga wa kuziba mivujo usiweke, unaziba mirija ya rejeta. Themostati, vali inayofunguka maji yakipata moto, usiitoe, hata akikushauri mtu unayemheshimu.

Yule dereva, mapovu yake yalikoma draya ilipolia. Kompresa imebadilishwa. Nimemwambia akishapanda Kitonga asimame Ilula, lipoe, kisha atazame mstari aliouchora.