Sarafu ya Kirumi yenye askari wawili, anza na bendera

Ukikutana na kisarafu cha shaba cha Kirumi chenye askari wawili na maneno GLORIA EXERCITVS (utukufu wa jeshi), kabla hujahangaika na jina la mfalme we hesabu bendera zilizo katikati yao, mbili ni ya mwaka 330 mpaka 335 BK hivi, moja ni ya kuanzia 335. Halafu geuza upande wa kichwa, ukiona herufi MAX AVG ndo mfalme Constantine mwenyewe, ukiona IVN NOB C ni mtoto wake. Chini kabisa kuna herufi za mji ilikogongwa, na hapa wengi wanapigwa chenga: PCONST sio Constantinople bana, ni Arles kule Ufaransa! Kama zimefifia mulika tochi ya simu kwa ubavuni, usije ukasugua na limao.