Kuhifadhi bampa na plastiki za gari zisipinde kwa joto

Bampa ikitoka stoo imepinda, watu hulaumu joto. Joto huilegeza tu. Kinachoikunja ni uzito wake yenyewe, au wa vitu vilivyorundikwa juu yake. Ndiyo maana hata stoo ya mabati kule Ndeeba au Katwe, Kampala, inaweza kutunza bampa vizuri, mradi imeegemezwa sawasawa.

Hatua ya 1. Geuza kipande usome alama ya nyuma. Bampa nyingi huandikwa PP, yaani plastiki ya polipropilini, mara nyingi pamoja na EPDM, yaani mpira uliochanganywa humo. Hizi hulegea mapema, kwa hiyo zipe sehemu yenye ubaridi zaidi. Shoo nyingi, yaani grili za mbele, ni ABS, plastiki nyingine ambayo ni ngumu zaidi.

Hatua ya 2. Osha tope, kausha kivulini.

Hatua ya 3. Weka chini, kamwe si karibu na bati. Hewa ya moto hupanda, na bati la saa nane mchana huwaka kuliko hewa ya nje. Kama stoo haina dari, tandaza mikeka ya mafunjo chini ya bati ukiacha nafasi ya hewa kupita. Dirishani pia hapafai: jua huifanya plastiki isiyopakwa rangi ififie na kupasuka.

Hatua ya 4. Hapa usiharakishe. Tengeneza kichanja cha mbao, bampa ilale kama inavyokaa garini, ikishikwa sehemu nne: mbili katikati, moja kila pembe. Kila mbao ivishwe sponji au gunia lililokunjwa. Kisha pima upana kati ya ncha mbili bampa ikiwa bado nzima, kata fito ya urefu huo, uiweke kati ya ncha hizo ili ncha zisijikunje ndani. Usitundike kwa misumari miwili. Usipandanishe bampa juu ya bampa.

Hatua ya 5. Funika kwa shuka kuukuu la pamba. Nailoni hufungia unyevu, na rangi mpya hugandamana nayo.

Hatua ya 6. Siku ya kuifunga garini, iache kwanza kivulini pamoja na gari. Bampa ya mita 1.7 hurefuka milimita 3 hadi 5 joto likipanda nyuzi 30, na mianya kati yake na bodi hutoka vibaya ukipima ikiwa imetoka juani. Kama imepinda kidogo, imwagie maji ya moto, irudishe umbo kwa mikono yenye glavu, uishikilie hivyo huku mwenzako akimwaga maji baridi. Moto wa gesi usiusogeze karibu kabisa.