Mwalimu mwenzangu, panga chakula cha mwezi kabla hujachoka

Kwa miaka mingi niliamua chakula cha nyumbani saa kumi na mbili jioni, nikiwa nimesimama dukani na madaftari ya Kidato cha Pili kwapani. Mafuta ya mia tano, nyanya za mia tano, mchele nusu kilo, fungu la dagaa. Kesho yake vilevile. Mume wangu naye ni mwalimu, mishahara miwili inaingia, lakini tarehe 10 ikifika tayari tunaandikwa kwenye daftari la mkopo. Hatukuwa na starehe yoyote kubwa. Fedha yetu ilikuwa inaondokea pale dukani, kwa maamuzi ya mtu aliyechoka.

Darasani hatuingii bila andalio la somo. Nikaona hata jiko linastahili la kwake. Huu ndio utaratibu tunaoufuata hapa Morogoro, nyumba ya watu watano.

Hatua ya 1: Anzia kwenye hati ya mshahara (salary slip)

Bajeti ipangwe kwa kile kinachofika benki. PSSSF, mfuko wetu wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, bima ya afya 3, mwanachama wa CWT, yaani Chama cha Walimu Tanzania, anakatwa 2, kodi ya mapato nayo ipo, na anayerejesha mkopo wa elimu ya juu anakatwa 15. Kinachobaki, toa kodi ya nyumba, nauli, umeme, ada na hisa za kikoba. Toa pia fedha ya wazazi. Hii wengi hatuiandiki, tunajifanya ni ya dharura, ilhali mama kijijini anaihitaji kila mwezi na sisi tunajua. Ipe mstari wake.

Hatua ya 2: Andika wiki moja bila kubadili chochote

Kila shilingi, hata ya kiberiti. Mimi wiki hiyo niliazima kile kipimo cha mafuta cha mia tano cha dukani, nikakitumia kujaza maji kwenye chupa ya lita moja. Chupa ilijaa kwa vipimo 16. Maana yake lita moja nilikuwa nainunua kwa shilingi 8,000, na siku hiyohiyo dumu la lita 5 duka la jumla lilikuwa 30,000, yaani 6,000 kwa lita. Sikumlaumu mwenye duka, naye anatafuta riziki. Ila tangu siku ile sijanunua mafuta ya kupima.

Jambo la pili lilikuwa chai ya saa nne. Chai na chapati mbili ilitugharimu 1,500 kila mmoja. Kwa watu wawili na siku 22 za kazi ni 66,000. Chai hatukuiacha, maana pale ndipo tunapozungumza na wenzetu. Sasa tunabeba viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, kazini tunalipia chai tu.

Hatua ya 3: Chora azimio la kazi la jiko, yaani mpango wa mwezi

Karatasi moja yenye safu za siku, chakula, vya kununua, na mwisho maoni. Kabla hujaandika chakula chochote, weka kwanza ratiba ya shule: wiki ya zamu, wiki ya mitihani, siku ya kikao. Wiki ya zamu natoka nyumbani giza halijaisha na narudi wa mwisho, kwa hiyo makande hayaandikwi wiki hiyo, wala ndizi nyama. Naandika ugali dagaa, wali maharage, viazi na mayai, vitu ambavyo binti yangu mkubwa anaweza kuanza kabla sijafika. Vyakula vya kukaa jikoni viende Jumamosi. Usijaze mapishi mapya kila siku. Watoto hawalalamiki wakila matembele mara mbili kwa wiki, na sisi yetu tunachuma uani.

Hatua ya 4: Vya kukaa vinunuliwe mara moja

Mshahara ukiingia, kabla ya kitu kingine: mchele, unga, maharage, mafuta, sukari, chumvi, dagaa wakavu. Mboga za majani na nyanya tunanunua Jumamosi Soko Kuu la Chifu Kingalu, mapema, mzigo wa mboga kutoka Mgeta, kule milimani, ukiwa bado mbichi.

Mahindi ya gunia nunua msimu wa mavuno, lakini pima ukavu kwanza. Mwaka mmoja nilibeba gunia la bei nzuri mwezi wa saba, na mwezi wa kumi nikakuta ukungu na fukusi. Karibu nusu tuliwapa kuku. Sasa nachukua chupa ya kioo kavu, natia mahindi theluthi moja na chumvi kavu kidogo, nafunga, natikisa dakika chache, kisha naiacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji, yarudi juani.

Hatua ya 5: Maharage ya Jumapili

Kama utachukua hatua moja tu, chukua hii. Jumamosi usiku loweka kilo moja na nusu. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, chemsha mpaka yaive kabisa, ila usiyaunge. Yakipoa gawa kwenye makopo: ya siku mbili tatu kwenye friji, mengine yagande. Jioni ya Jumanne nayaunga kwa nazi, Alhamisi kwa nyanya na karoti, na watoto hawaoni kama ni sufuria ileile. Chakula kiko mezani ndani ya dakika 25, na gesi ya kuchemsha imewaka mara moja kwa kazi ya siku nne. Asiye na friji aloweke tu usiku wa kuamkia siku ya kupika. Nayo inaokoa muda mwingi.

Hatua ya 6: Jaza maoni, hasa Desemba

Mwisho wa mwezi tunakaa wawili na karatasi ile. Kilichobaki, kilichoharibika, siku tuliyoshindwa na sababu yake. Desemba tunaongeza hesabu moja: mshahara ukiwahi kabla ya Krismasi, hesabu siku zote mpaka wa Januari, si siku 30. Kama ni 35, vya kukaa vinunuliwe vya siku 35, na fedha za sare na madaftari zitengwe siku hiyohiyo, kabla ya nauli ya kwenda kijijini.